Kolamu niliyoipaka mwenyewe inatoa mikia: nimekosea wapi?

"Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Nairobi, nachunguza mafuta ya mchaichai. Kolamu yetu ya kromatografia ya gesi, ule mrija mwembamba unaotenganisha viambato, imechoka, na bei ya mpya, ukiongeza na muda wa kuingoja iagizwe, inanishinda. Kwenye kabati la maabara nilikuta mrija mtupu wa silika, mita 30, kipenyo cha ndani milimita 0.25, pamoja na kichupa cha SE-54, fezi ya kupaka ukutani mwa mrija. Niliyeyusha fezi kwa diklorometheni, asilimia 10, nikausukuma myeyusho kwa nitrojeni hadi ukatokea upande wa pili, nikakausha, nikafunga kolamu kwenye oveni na kuipasha hadi nyuzi 280 siku hiyo hiyo. Mirseni inatoka na kilele kizuri. Nerali na geraniali zina mikia. Geranioli, ambayo najua imo, karibu haionekani. Na oveni ikipita 200, mstari wa msingi unapanda bila kusimama. Mwenzangu anasema silika ni safi mno, haihitaji kutayarishwa; nipake tu utando mnene zaidi kisha niichome usiku kucha. Nifanye hivyo, au niachane na mambo haya?"

Usiachane nayo, ndugu yangu, lakini usifanye alivyokwambia mwenzako. Utapoteza mrija mzuri na usiku mzima wa gesi, na asubuhi geranioli bado itakuwa haijatokea.

Nianze na jambo uliloliandika kwa kifupi, nalo ndilo lenye habari nyingi kuliko yote: mirseni inatoka vizuri. Hiyo ni hidrokaboni, haina kundi la oksijeni la kushikana na kitu. Ikitoka na kilele chembamba, ujue mrija haujaziba, maungio yako hayavuji sana, na kuna fezi ya kutosha ndani. Kisha njoo kwenye aldehidi, yaani nerali na geraniali, zikaanza kuburuta mkia. Njoo kwenye alkoholi, yaani geranioli, ikapotea. Huo mpangilio una maana. Kadiri molekuli inavyoweza kushikana na hidrojeni ya kundi la OH (oksijeni na hidrojeni), ndivyo inavyoteseka ndani ya kolamu yako. Kwa hiyo tatizo lako la kwanza haliko kwenye utando. Liko kwenye ukuta ulio chini ya utando.

Kabla ya kuilaumu kolamu, hata hivyo, badilisha laina ya injekta, ule mrija mdogo wa kioo ambamo sampuli hugeuka mvuke. Nimeona watu wakitupa kolamu nzima kumbe kosa ni kipande cha pamba ya kioo kilichokaa kwenye injekta miezi sita na kugeuka rangi ya chai. Laina chafu humeza geranioli kama ukuta mbovu unavyoimeza. Weka laina safi iliyotulizwa, yaani iliyotibiwa isishike molekuli, bila pamba, uchome (uingize kwa sindano) sampuli ile ile. Kisha choma geranioli peke yake mara mbili, ya pili ikiwa na nguvu mara kumi ya ile ya kwanza. Eneo la kilele likiongezeka zaidi sana ya mara kumi, basi kuna kitu njiani kinachomeza kiasi fulani kila mara na kuacha kinachobaki kipite.

Sasa huo ukuta. Mwenzako hakutunga uongo. Amekumbuka nusu ya habari. Marcel Golay alipoonyesha mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba mrija mtupu uliopakwa utando mwembamba unatenganisha vitu vizuri kuliko mrija uliojazwa unga, watu walihangaika kwa miaka mingi na mirija ya chuma na ya kioo cha kawaida. Kioo cha kawaida kimejaa oksidi za sodiamu, kalsiamu na boroni, na metali hizo hushika na hata kuvunja molekuli nyepesi kuharibika. Mwaka 1979 Dandeneau na Zerenner wa kampuni ya Hewlett-Packard walitangaza mirija ya silika iliyoyeyushwa, ambayo metali ndani yake hazifiki hata sehemu moja katika milioni. Usafi huo ni wa kweli. Lakini unaondoa metali tu. Atomi za silikoni zilizo juu ya uso bado zinamalizikia kwenye makundi ya OH, yaani silanoli. Uso wa silika ulioshiba maji una silanoli karibu 5 katika kila nanomita moja ya mraba, na kila moja iko tayari kuishika geranioli yako.

Utando mnene unafunika kidogo tu. Molekuli inayeyuka ndani ya fezi, inatembea humo, na inafika ukutani kila wakati, kwa sababu safari yenyewe ni ya robo ya maikromita. Ukiufanya nusu ya maikromita, inafika vile vile.

Dawa ni kutuliza ukuta kabla ya kupaka. Hatua ya kwanza huwashangaza wanafunzi: tunaongeza silanoli kabla ya kuziondoa. Mrija wa silika huvutwa kwenye joto la karibu nyuzi 2,000, na joto hilo hukausha uso kwa mabaka. Sehemu moja ina silanoli nyingi, nyingine zimeungana zikawa madaraja ya oksijeni. Ukivika kofia uso wa namna hiyo, utavikwa kwa mabaka pia. Kwa hiyo mrija huoshwa kwa asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, ukapashwa moto ukiwa na unyevu wa asidi hiyo ndani, ukasuuzwa, ukakaushwa kwa nitrojeni kavu. Baada ya hapo silanoli zimetapakaa sawasawa. Ndipo unaingiza kitu cha kuzivika kofia, kwa mfano heksamethilidisilazani, au ile pete ya siloksani iitwayo D4, unaziba ncha zote mbili, na kupasha kwa saa kadhaa kwenye joto kubwa. Kila silanoli inayovikwa inageuka kuwa kitu kisicho na hamu ya kushikana na alkoholi.

Kofia lazima ipatane na fezi. Umewahi kuona maji juu ya jani la nduma? Hayatandi, yanakusanyika tone moja linaloviringika hadi katikati ya jani. Ukivika ukuta kofia za methili kisha ukapaka Carbowax 20M, fezi ya aina nyingine ambayo inapenda vitu vyenye OH, utapata jani la nduma lenye urefu wa mita 30. Wewe una bahati. SE-54 ni silikoni yenye methili nyingi, fenili asilimia 5 na vinili asilimia 1, na mvutano wake wa uso ni mdogo, kwa hiyo inatanda bila taabu juu ya ukuta uliovikwa methili. Kwa mtu anayejifunza, usingepata fezi bora kuliko hiyo.

Kosa la pili ni namna ulivyopaka. Nina hakika karibu kamili kwamba ndani ya kolamu yako mna matone, nawe unaweza kuyaona leo. Kata sentimita 5 kutoka kila ncha ya kolamu. Pitisha sentimita moja ya katikati ya kipande kwenye mwali wa kibiriti cha gesi hadi ile ngozi ya kahawia ya poliimidi iungue, ifute kwa kitambaa chenye alkoholi, kisha weka kipande chini ya hadubini. Utando mzuri hauonekani kabisa. Utadhani mrija ni mtupu. Matone yanaonekana waziwazi. Mimi kolamu yangu ya kwanza niliitazama hivyo nikakuta shanga zimetungwa, moja baada ya nyingine, karibu kwa umbali sawa, na nilikaa pale nikizihesabu huku nikikumbuka wiki tatu zilizokwenda.

Ule umbali sawa una sababu. Kimiminika kilichotanda ndani ya bomba kinatafuta kila mara kupunguza uso wake, na njia rahisi ni kukusanyika kuwa pete, kisha matone. Kinachokizuia ni mnato. Fezi ikiwa nzito kama ulimbo, kukusanyika kunachukua muda mrefu kuliko maisha ya kolamu. Ikiwa imezimuliwa na kiyeyushi, kunachukua dakika. Na unene una uzito mkubwa hapa: utando ukiwa mnene maradufu, kasi ya kukusanyika inakuwa kubwa mara nane. Ndiyo maana ushauri wa kupaka mnene zaidi unaniogopesha kuliko yote aliyosema mwenzako.

Njia uliyotumia ya kusukuma myeyusho ina adha nyingine. Unene wa kinachobaki ukutani unategemea kasi ya kusukuma, na kasi haikai mahali pamoja: myeyusho unapopungua ndani ya mrija, ukinzani unapungua, kasi inapanda, na mita za mwisho zinapakwa unene tofauti na za mwanzo. Wanaotumia njia hii huunga mita kadhaa za mrija wa akiba mwishoni ili ukinzani usishuke ghafla. Hata hivyo, mimi kwako ningechagua njia ya kukausha myeyusho ukiwa umetulia. Ni ya polepole, lakini unene wake unaujua kwa hesabu kabla hujaanza.

Hesabu ni hii: chukua kipenyo cha ndani kwa maikromita, zidisha kwa asilimia ya fezi kwenye myeyusho, gawanya kwa 400. Kwako, ukitengeneza myeyusho wa asilimia 0.4, ni 250 mara 0.4, gawanya kwa 400, unapata maikromita 0.25. Mrija wako wote unabeba kama mililita 1.5 za myeyusho, kwa hiyo fezi yote itakayobaki ni miligramu 6 hivi, kama robo ya punje ya mchele, iliyotandazwa juu ya eneo linalozidi theluthi ya karatasi ya A4. Linganisha na asilimia 10 uliyotumia, ndipo uone kwamba kila njia ya kupaka ina kiwango chake. Namba ya njia moja haihamishiwi nyingine.

Yeyusha SE-54 kwenye pentani, au pentani na diklorometheni nusu kwa nusu. Chuja. Kisha ondoa hewa iliyoyeyuka, na hapa uwe mvumilivu, maana hapa ndipo wengi huanguka. Jaza mrija kwa shinikizo la nitrojeni hadi myeyusho utoke upande wa pili bila kiputo hata kimoja. Ziba ncha moja kabisa, bila hewa kubaki kati ya kizibo na kimiminika. Laza kolamu ndani ya beseni la maji yenye halijoto isiyobadilika, na ncha iliyo wazi iunge kwenye pampu ya vakyumu. Kiyeyushi kinakauka kuanzia upande wa pampu, na mpaka kati ya kimiminika na utupu unarudi nyuma taratibu, mzunguko kwa mzunguko, ukiacha fezi ukutani. Weka taa kali nyuma ya beseni, utauona mpaka huo kupitia ile rangi ya kahawia. Ukisogea kwa mwendo mmoja, kaa utulie. Kukiwa na kiputo kidogo tu nyuma yake, kitavimba ghafla na kusukuma myeyusho wote kuelekea pampu. Hapo umeanza upya.

Nairobi ina mambo yake mawili. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari na shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 82, si 101. Pentani, ambayo vitabu vinasema inachemka nyuzi 36, kwetu inachemka karibu 30; diklorometheni badala ya 40 ni kama 34. Alasiri ya Februari chupa ya pentani iliyoachwa dirishani inaanza kutoa viputo yenyewe, na asilimia 0.4 uliyoipima asubuhi si 0.4 tena. Pima, funga, tumia. La pili ni stima. Kazi hii inakwenda usiku kucha na zaidi, na pampu ikisimama, mvuke unageuka kuwa kimiminika mahali pasipofaa, tena mafuta ya pampu yanaweza kufyonzwa kuingia kwenye kolamu. Nilipoteza kolamu mbili namna hiyo kwenye maabara moja kabla ya kujifunza kuweka vali inayojifunga yenyewe kati ya pampu na mrija. Kama jengo lenu lina jenereta, uliza soketi zipi zimeungwa nayo.

Sasa ule mstari wa msingi unaopanda. Mwenzako anafikiri kuna uchafu wa kuchomwa. Kiasi kidogo huenda ni kiyeyushi kilichobaki, lakini sehemu kubwa ni fezi yenyewe inayokatika. Mnyororo wa siloksani, ambao ndio fezi yenyewe, ukipashwa moto hujikunja, mkia wake ukaushambulia mwili, na kipande kikatoka kikiwa pete ndogo yenye atomi tatu au nne za silikoni. Pete hizo ni nyepesi, zinapaa hadi kwenye ditekta. Oksijeni inaharakisha jambo hili, na silanoli za ukutani pia. Wewe uliifunga kolamu mpya na kuipasha siku hiyo hiyo, na ukuta haukuwa umetulizwa. Kuichoma usiku kucha ni kuendelea kukata.

Kinachosaidia ni kufunganisha minyororo. Vinili iliyomo kwenye SE-54 iliwekwa kwa kazi hiyo. Ongeza dikumili peroksidi, kemikali ya kuanzisha kufungana huko, kidogo sana kwenye myeyusho, sehemu isiyozidi moja katika mia ya uzito wa fezi. Baada ya kupaka, pitisha nitrojeni kuondoa hewa yote, ziba ncha mbili, panda taratibu hadi karibu 160 na ukae hapo saa moja. Kisha suuza kwa diklorometheni. Minyororo ambayo haikufungana itatoka, iliyobaki haitayeyuka tena. Faida nyingine ni kwamba siku kolamu ikichafuka, utaweza kuiosha.

Kuizoesha joto kunafuata. Pitisha gesi chukuzi, ile inayobeba sampuli, nusu saa oveni ikiwa baridi, ncha ya mwisho ikiwa huru, haijaungwa kwenye ditekta. Panda nyuzi 2 au 3 kwa dakika hadi 280. Kaa saa kadhaa. Usiwashe oveni hata mara moja gesi ikiwa imefungwa.

Kisha ipime kwa haki. Familia ya Grob huko Uswisi ilitoa mwaka 1978 mchanganyiko wa majaribio unaotumika hadi leo, na kwako sehemu yake inatosha: dekani, undekani, 1-oktanoli, nonanali, 2,6-dimethilianilini na 2,6-dimethilifenoli. Alkani zikupe zaidi ya sahani 3,000 za kinadharia (kipimo cha uwezo wa kutenganisha) kwa mita, kisha tazama oktanoli. Ikisimama wima, ukuta umetulia. Anilini ikiburuta na fenoli isiburute, ukuta una asidi. Ikiwa kinyume, una besi. Ukipima mtiririko, mwambie mashine shinikizo halisi la hapa, maana programu nyingi huchukulia kwamba ditekta iko usawa wa bahari.

Ufuate njia gani basi? Nitakwambia ambavyo ningemwambia mwanangu. Kwanza irudie ile kolamu iliyochoka: kata nusu mita upande wa injekta, badilisha laina, septamu (kizibo cha mpira cha injekta) na feruli (pete ya kuzibia maungio), na kama fezi yake imefunganishwa, isuuze kwa kiyeyushi. Kolamu nyingi zinazotangazwa kufa zimechafuka nusu mita ya mwanzo tu. Ikikataa, kuna njia ya katikati ambayo haizungumzwi sana: mrija uliokwisha kutulizwa kiwandani, usio na fezi, huuzwa kwa bei ya chini kuliko kolamu kamili. Ukinunua huo, unaruka hatua ngumu na ya hatari, na unapaka SE-54 yako mwenyewe. Kupaka kutoka mwanzo hadi mwisho kufanye ukitaka kujua kazi hii, na muda unao. Kwa tasnifu yenye tarehe ya kuwasilishwa, hesabu majaribio matatu au manne kabla ya kolamu moja nzuri. Na kama majibu yako yataingia kwenye kesi, au kwenye cheti cha bidhaa, tumia kolamu ya kununua yenye cheti chake, kwa sababu utaulizwa.

Kuna sehemu moja nakuomba usiifanye peke yako kwa kufuata maandishi yangu: kupasha mrija uliozibwa ukiwa na asidi au silazani ndani. Shinikizo linapanda, mrija unaweza kupasuka ndani ya oveni, na heksamethilidisilazani ikikutana na maji hutoa amonia. Ngozi ya poliimidi nayo haivumilii zaidi ya 350 hivi, na ikishaungua mrija unakatika ukiguswa. Diklorometheni ifanyie kazi kwenye chemba ya kuvuta hewa, na moshi wa pampu uelekezwe humo humo. Tafuta mtu anayefanya kazi hizi kwa mikono yake. Idara ya kemia Chiromo si mbali nawe, na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kule Kasarani, wanatumia kromatografia ya gesi kila siku kwa harufu za wadudu na mimea. Andika barua kupitia msimamizi wako, uombe siku moja ya kukaa na fundi wao. Nenda na vile vipande vya sentimita 5, kimoja cha mwanzo wa kolamu na kimoja cha mwisho, umeviandika kipi ni kipi, pamoja na kromatogramu (mchoro wa vilele) ya geranioli uliyoichoma kwa nguvu mbili. Kutokana na hivyo viwili atakwambia mengi kuliko nilivyoweza mimi nikiwa mbali.